Mshauri wa Kuta za Chokaa

Wenzake waliopunguzwa kazini mwaka ule walifungua mabucha na saluni. Yeye alifungua ushauri. Alikuwa ameajiriwa miaka mingi katika ofisi moja ya serikali ya mambo ya majengo huko Dar es Salaam, ofisi ikapunguza watu, naye akapunguzwa, akapanda basi la kusini akashuka Kibiti na sanduku moja. Kazi aliyojipa ilikuwa kuwashauri wenye majengo ya zamani, na sisi tuliowachorea ramani, namna ya kuyatengeneza bila kuyaua. Neno kuyaua ni lake. Tulimwita Mshauri, wengine kwa heshima, wengine huku wakibinua midomo.

Wakati huo nilikuwa na meza yangu ya kuchorea ramani kwenye kibaraza cha duka moja kando ya barabara kuu. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu tulivyozoea kuvipangia foleni vilijaa madukani: sabuni, redio, mabati, na juu ya vyote saruji. Sisi tuliokuwa tukihangaikia kibali cha mfuko mmoja mpaka viatu vinaisha soli, tukaiona saruji imerundikwa nje kama magunia ya mpunga, na wazimu ukatupanda. Aliyeuza korosho alipiga lipu. Aliyeuza kamba alipiga lipu. Nilimwona mtu mmoja akipiga lipu banda la mbuzi. Na aliyerithi nyumba ya mawe na chokaa, iliyosimama tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anazikumbuka, huyo ndiye alikuwa na haraka kuliko wote.

Basi siku moja asubuhi akaja mezani kwangu mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kanga juu ya gauni na viatu vya raba vya kiume. Akaitazama ramani iliyokuwa mbele yangu, akauliza, "Wewe ndiye unayewachorea hawa wauaji?"

Nikamwamkia kwanza, maana umri wake ulistahili. Akaitikia marahaba, akavuta kigoda, akakaa, na nadhani hakuondoka tena kwenye kibaraza kile mpaka alipoondoka Kibiti kabisa.

Namna yake ya kutazama nyumba iliwakera wenye nyumba. Mwenye nyumba humshika mkono kumpeleka moja kwa moja kwenye ufa, kama mtu anayemwonesha mganga kidonda. Yeye huufumbia macho ufa, akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye choo, kwenye mahali maji ya mvua yanapodondokea, kwenye mnazi uliopandwa karibu mno. Baada ya hapo ndipo huja ukutani, na hapo ndipo aliponihitaji. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vyeupe kwenye mikunjo, havisikii kitu. Ujana wake wote alikoroga chokaa kwa mikono pamoja na mafundi, kwa sababu hakuamini mtu anaweza kukisimamia asichokishika.

"Chokaa imenila mikono, Mchoraji," aliniambia. "Niazime yako."

Basi nikawa kiganja chake. Naweka mkono ukutani chini kwenye msingi, kisha katikati, kisha juu kadiri ninavyofikia, halafu naweka shavu, maana alisema shavu halidanganyiki upesi. Naye husimama nyuma yangu na kuuliza, "Ukuta unasemaje?" Majibu yalikuwa mawili tu. Mkavu, au umelowa. Siku moja nilijaribu kusema una unyevunyevu kwa mbali, akaniambia hayo ni maneno ya watu wanaoomba kura.

Hakuwa mtu wa kukubembeleza. Wateja walitaka kusikia kwamba nyumba zao ni nzima, au kwamba zimekufa kabisa ili wazibomoe kwa amani. Yeye aliwaambia ilivyo. Kijana mmoja mbunifu alitoka Dar es Salaam na ramani kubwa ya nyumba ya zamani kule Ikwiriri, ameondoa kuta za katikati zote ili apate ukumbi, na juu ameweka ghorofa. Alikuwa kijana mwenye adabu na mchoro wake ulikuwa mzuri, mimi mwenyewe niliuonea wivu. Mshauri aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Umechora vizuri, mwanangu. Sasa itafutie nyumba ramani yako." Kisha akamwonesha dari. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ni mkoko, na mkoko hurefuka ulivyojaliwa na Mungu. Ukiondoa ukuta, boriti haina pa kulalia. Kijana alikunja ramani yake taratibu. Mwenye nyumba hakukunja kitu. Alitafuta mbunifu mwingine, na ghorofa likajengwa baada ya nyumba kubomolewa yote. Hivyo ndivyo ushauri mwingi wa Mshauri ulivyoishia. Walimsikiliza, wakamkirimu chai, wakamsindikiza mpaka barabarani, wakarudi wakafanya walilotaka.

Kuna methali moja waliyomchapa nayo kila mahali, na nilikuwa nikiisubiri kama mtu anavyosubiri nzi kwenye chai. "Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta." Naye kila mara alijibu, "Ziba. Lakini uulize kwanza ufa umetoka wapi." Alieleza bila kuchoka kwamba ukuta wa chokaa hunywa maji ya ardhini na kuyatoa jasho, kama siye tu, na kwamba ukiuvika saruji jasho linabaki ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi inalila jiwe mpaka libaki unga. Watu walitikisa vichwa. Walikuwa wanaona kwa macho yao kwamba saruji ni ngumu na chokaa ni laini. Nani atakubali kwamba kigumu ndicho kinachoua?

Sasa nimcheke kidogo, maana alistahili kuchekwa. Mtu huyu aliyewapigia kelele watu juu ya kuta zao alipanga chumba nyuma ya soko katika nyumba ya matofali ya saruji iliyovuja kila mahali. Ukutani kwake kulikuwa na ukungu mweusi ulioota mpaka juu ya kitanda. Mvua ikinyesha alihamisha masufuria usiku kucha. Nilimuuliza kwa nini anaishi vile, akasema, "Mwenye nyumba hajaniomba ushauri." Na mtu huyu aliyesema subirini, subirini, hakuweza kusubiri chai ipoe, aliungua ulimi kila siku na kila siku alishangaa. Tena kazi iliyo karibu zaidi na moyo wake ilikuwa delta, visiwani mto unapomwagika baharini, na hakuna kitu alichokiogopa kuliko boti. Akiwa ndani ya boti alikaa katikati kabisa, ameshika ubao kwa mikono miwili, anasoma Ya Latifu bila kupumzika tangu bandari ya Nyamisati mpaka tunapofika.

Kazi ya delta ilianza kwa msikiti. Kulikuwa na kijiji kimoja kidogo kupita Maparoni, upande wa Kiongoroni, chenye msikiti wa zamani wa matumbawe, mfupi, mnene, wenye kibla kilichochongwa vizuri hata ukitazama unasahau ulichojia. Wazee wa pale walikuwa wameona ufa juu ya mlango, wakatuma mtu Kibiti. Hao ndio wateja pekee niliowahi kuwaona wakimwita Mshauri kabla ya kuharibu kitu, na yeye alilijua hilo. Njiani hakusoma Ya Latifu hata nusu.

Mwalimu wa msikiti ule, mzee wa maneno machache, alimruhusu aingie wakati wa dhuha, pasipokuwa na sala ya jamaa, na akae upande wa nyuma. Kwenye kibla nilikwenda mimi. Niliweka kiganja chini, nikaweka katikati, nikaweka juu. Nyuma yangu nikasikia, "Ukuta unasemaje?"

"Mkavu."

"Weka shavu."

Nikaweka shavu. "Mkavu, Mshauri. Mkavu mpaka juu."

Nilipogeuka nikamwona anacheka, na meno yake sikuwa nimeyaona yote mpaka siku ile. "Kijiji kizima kimekaa majini," akasema, "bamvua likija maji yanafika uwanjani, na huu mkavu! Huu hatutauua, Mchoraji. Huu mmoja, hatutauua." Ufa ule ulikuwa wa mzizi tu, mti mdogo wa mkuyu uliojiotea juu ya paa. Ung'olewe mzizi, ijazwe chokaa mahali pale, basi.

Pale uwanjani palikuwa na mama mmoja mzee aliyekuwa akifagia. Alikuwa akifagia uwanja, kisha akageuza ufagio na kufagia ukuta wenyewe, kwa upole, toka juu kwenda chini. Akatuletea madafu. Akamuuliza Mshauri, "Mnataka kuufanya mpya?"

"Hapana, mama. Tutauacha hivihivi."

"Hivihivi kama ulivyo?"

"Kama ulivyo."

"Ahsante mwanangu," yule mama akasema. "Miye nimeuzoea hivi."

Kwa chokaa ile tulihitaji tanuri, na tanuri linahitaji magogo ya mikoko, na mikoko wakati ule haikukatwa bila ruhusa. Wazee wakaomba ruhusa. Mshauri akaifuatilia ofisini. Wakamwambia aje wiki ijayo, na wiki ijayo mhusika yuko safarini, na aliporudi kutoka safarini akawa kwenye semina. Wakati huohuo magogo yaleyale yalikuwa yakipita usiku na mchana kwenda kuuzwa mjini, kila mtu anayaona. Nilimsindikiza mara nyingi na kila mara nilijisikia mdogo. Hapakuwa na mtu wa kumgombeza. Wote walikuwa wakarimu, wote walitukaribisha viti.

Hapo katikati ndipo ilipoanguka nyumba ya bibi wa Kibiti, na sitamtetea Mshauri kwa hili, maana mwenyewe hakujitetea.

Bibi huyo alikuwa mjane mwenye nyumba ya zamani ya duka, mlango wa nakshi, baraza pande mbili. Ukuta wa ubavuni ulikuwa umefanya tumbo. Wanawe walitaka kumwaga nguzo za saruji. Mshauri akamwambia bibi asiguse, asubiri kiangazi, chokaa ilikuwa imelowekwa shimoni nyuma ya nyumba na ilihitaji kukaa mpaka ilainike kama siagi. Bibi akawakatalia wanawe, mpaka mmoja wao akanuna akahama. Masika ya mwaka ule yaliwahi, tena yakaja kwa kishindo. Asubuhi moja bibi akiwa uani anapepeta mchele, ukuta ulikaa chini, na dari ikaufuata.

Hakuumia mtu. Tulipofika, bibi alikuwa bado ameshika ungo. Hakulia wala hakugomba. Alimtazama Mshauri akasema, "Miye nilikusikiliza weye. Wanangu nikawaacha, nikakusikiliza weye."

Mshauri alibeba mawe kutwa nzima pamoja na vibarua, mvua ikimnyeshea. Jioni aliniambia kwamba angeweza kuuegemezea ukuta boriti mbili tatu za kuupokea uzito, jambo dogo, jambo ambalo angemwambia mteja mwingine yeyote. "Niliutazama ukuta," alisema, "sikuitazama mvua." Tangu siku ile mtu akimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, hakujibu tena. Aliangalia chini tu, na nilitamani sana ajibu.

Wakati tunahangaika na hayo, yule mama mfagiaji wa kule delta alifariki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na mtoto huyo alikuwa ametajirika kwa biashara ya kamba wa baharini. Miaka ile kamba walikuwa na soko kubwa, makampuni yalikuja na barafu mpaka vijijini, na yeye aliwahi kabla ya wenzake. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mnene, mpole, anayependa kuchekwa kwa unene wake, na alimpenda mama yake kupita kiasi. Kwenye arobaini ya mama aliamua kutoa sadaka ambayo thawabu yake itamfikia marehemu daima. Akaleta boti limejaa saruji mpaka maji yanakaribia kuingia. Ya kupiga lipu msikiti wote, ndani na nje.

Tulipewa habari tukakimbilia Nyamisati. Tulipofika kijijini boti lilikuwa limekwisha kupakuliwa nusu. Watu wamejipanga toka majini mpaka msikitini, wanaume kwa wanawake, mifuko vichwani, wanasoma kasida. Hata mzee mmoja aliyekuwa hawezi kutembea aliletewa mfuko mtupu aushike, asikose fungu lake. Nimeona mambo mengi ya kusikitisha maishani, lakini lile lilikuwa jambo zuri na la kusikitisha kwa pamoja, na sikujua uso wangu niuwekeje.

Mshauri alimwendea Mwalimu. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu, akiomba. Alisema saruji ni neema, na ijenge birika la maji ya mvua, ijenge madrasa, ijenge hata kisima. Kuta tu za msikiti ndizo ziachwe.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, miye nimekuelewa," akasema. "Na huenda una haki. Lakini mtoaji ametia nia ukuta wa msikiti. Sadaka ya nia siibadilishi miye. Akiibadili mwenyewe, sawa. Nenda ukaseme naye."

Tukamkuta tajiri nyuma ya msikiti, amekaa peke yake juu ya mifuko, macho mekundu. Mshauri akampa pole upya, akamweleza yaleyale, jasho, chumvi, jiwe kuwa unga. Yeye alitikisa kichwa kila neno, kama wote.

"Mama," akasema, "mama yangu kaufagia ukuta huu maisha yake yote. Kila siku unamwaga vumbi, kila siku anafagia. Nataka uwe mgumu, usimwage vumbi tena. Ndilo ninaloweza kumfanyia."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake mwenyewe, kwa kauli yake, alituambia ameuzoea hivi. Mshauri alinikanyaga mguu kwa raba yake, kwa nguvu. Baadaye kwenye boti alinieleza kwamba mtu aliyefiwa haambiwi marehemu alitaka nini, hasa akiwa amekwisha kutoa.

"Basi tupe muda," Mshauri akamwambia tajiri. "Subiri mpaka kiangazi tu, tuchome chokaa..."

Hapo tajiri alimtazama, si kwa ubaya. "Ndivyo ulivyomwambia bibi wa Kibiti?"

Habari inatembea hata majini. Mshauri alisimama pale, na mimi nilisubiri aseme lolote, akasirike, alie, atoe ile ya ufa umetoka wapi. Aliinama, akafunga kamba ya raba yake, ambayo haikuwa imefunguka. Kisha tukaenda kukaa kwenye kivuli cha jiko la watu tukaletewa pilau ya arobaini, tukala, kwa sababu chakula cha sadaka hakikataliwi. Mafundi walianza kukoroga kabla hatujanawa. Nilisikia mlio wa mwiko wa kwanza ukutani. Naye aliusikia, maana mkono uliokuwa unakwenda mdomoni ulisimama hewani, kisha ukaendelea.

Hakukaa Kibiti muda mrefu baada ya hapo. Binti yake alikuja kumchukua, na nilipokwenda kumuaga nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake, chai mkononi, analalamika imemuunguza.

Miaka ikapita. Meza yangu ikahama toka kibarazani kwenda kwenye chumba chenye mlango. Siku moja nikaitwa na yule tajiri wa kamba nikachore ramani ya msikiti mpya. Nilipofika Nyamisati nikamkuta Mshauri amekaa juu ya kifurushi, anasubiri boti. Naye alikuwa ameitwa na tajiri huyohuyo. Amekuwa mfupi, au mimi nilimkumbuka mrefu kupita kiasi. Ndani ya boti alikaa ukingoni, mkono mmoja unagusa maji.

"Leo huogopi?" nikamuuliza.

"Nimechoka hata kuogopa, Mchoraji."

Msikiti ulikuwa umekwisha. Lipu ya tajiri ilikuwa imebanduka kwa mapande makubwa, magumu vilevile kama siku ile, na nyuma yake jiwe limekuwa majimaji na unga unaotoka kwa kucha. Upande wa kibla ulikuwa umelala chini. Ile nakshi iliyonisahaulisha nilichojia ilikuwa kifusi kama kifusi kingine chochote, na kuku walikuwa wakichakura juu yake. Watu walisali pembeni chini ya banda la makuti. Mwalimu wa zamani alikuwa amefariki, na wazee wengi wa siku ile pia.

Tajiri alikuja kutupokea. Unene ulikuwa umemwisha pamoja na biashara. Alimwamkia Mshauri kwa heshima sana, akatuzungusha kote, kisha akasimama mahali palipokuwa na kibla, akawangoja waliotufuata waondoke.

"Mama," akasema, "wewe uliniambia. Nilikumbuka kila neno lako lilipoanza kubanduka. Sikukuita kwa ajili ya ushauri, maana hapa hakuna cha kushauri. Nimekuita nikuulize jambo moja, na ninajua wewe humfichi mtu." Akavua kofia. "Watu hapa wanasema saruji yangu ndiyo iliyoua msikiti. Nami niliitoa kwa nia ya mama. Sasa yule maskini, huko aliko, kila jiwe linaloanguka anaandikiwa nini? Thawabu, au dhambi? Niambie tu. Nimeshindwa kulala."

Nilimtazama Mshauri. Nilimjua. Hakuwahi kumwambia mtu ukuta mzima ni mgonjwa, wala mgonjwa ni mzima, hata alipokuwa na njaa, hata mteja alipolia mbele yake. Alisogea kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, akaweka kiganja chake, kile kisichosikia kitu, akakiacha pale.

"Si saruji yako," akasema. "Ukuta huu ulikuwa umeshakufa kabla yako. Maji yalikwisha kuingia zamani, siye tuliyaona tulipokuja mara ya kwanza. Saruji ya mama yako iliushikilia. Kama si yeye, ungekuwa umeanguka miaka mingi nyuma, tena labda juu ya watu."

Tajiri alikuwa anamtazama kwa makini, kama mtu anayeogopa kupewa kitu kisha anyang'anywe. Mshauri akaniita bila kugeuka.

"Mchoraji. Siku ile ya kwanza uliweka kiganja hapa, ukaweka na shavu. Ukuta ulisemaje?"

Miaka yote niliyokuwa mkono wake, hakuwahi kuniuliza jambo ambalo jibu lake alilijua.

"Ulikuwa umelowa," nikasema. "Umelowa mpaka juu."

Yule bwana alikaa chini kwenye kifusi, akafunika uso kwa kofia yake. Alisema alhamdulillahi, akarudia, akarudia. Mshauri alimwacha alie. Aliinama akaokota kipande cha nakshi ya kibla, akakifuta vumbi kwa kanga, akakitazama huku na huku, kisha akakirudisha palepale alipokitoa.

"Haya, chora," akaniambia. "Wachoree wa saruji."

Nikatoa futi kamba, nikaanza kupima uwanja.